Namba ya Ugonjwa wa Nelson

Momela,
14 Julai 2024

Baba Frederick,

Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, si kwa kuwa umekua. Salamu zako zilizoletwa na Eliasi wa gari la nyanya zimefika. Huku tu wazima, isipokuwa yule nitakayemtaja mbele. Baridi ni kali. Mlima hatujauona wiki nzima, lakini nadhani bado upo. Nyati walitoka hifadhini wakamaliza maharage ya jirani yetu. Ya kwetu hawakuyagusa, sijui yana kasoro gani. Masikio yangu sasa yamekufa yote, hata lile la kushoto lililokuwa linajikaza tangu mwaka jana, na ile simu mliyoninunulia nimempa Nelson. Ukitaka kuniambia jambo andika, na herufi ziwe kubwa.

Sasa mwanangu Nelson. Unajua alilazwa kwenye hospitali yenu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji. Amerudi Jumatano. Anatembea mpaka mgombani, anakaa juu ya jiwe, halafu anarudi. Hajasema maneno kumi tangu afike.

Jambo lenyewe ni karatasi aliyopewa alipotoka wodini. Shemeji yangu Gadiel, mdogo wa marehemu mume wangu, aliisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuja kutoa pole. Kiingereza alikisoma vibaya, ila neno la sumu alilijua. Hapo hapo kikao cha ukoo kikakaa bila kuitishwa. Walisema hivi: siku ile Nelson alikula loshoro iliyopikwa na mke wake Nashilu. Nashilu mwenyewe hakuila. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao Olmotonyi kumwona mama yake, na kabla hakujapambazuka Nelson akawa anatapika na kukosa pumzi. Watu walijumlisha. Nashilu alikuwa jikoni anampashia mumewe maji. Alipotoka alikuta nguo zake zimefungwa ndani ya shuka na kuwekwa kizingitini. Ameondoka na mtoto. Mimi sikusema aende, sikusema abaki. Unafahamu kwamba mke wa Kiarusha si mimi niliyemchagulia mwanangu, lakini alipomleta nilimpokea.

Nimewaeleza watu kwamba kazi yako ni kuweka kodi kwenye magonjwa. Gadiel akauliza kama siku hizi hata kuugua kunatozwa kodi. Nikamwambia hapana, ni namba, kila ugonjwa una yake. Basi nakuomba uiondoe hiyo ya sumu, uweke ya nimonia. Nelson aliwahi kuugua nimonia akiwa darasa la tatu, kwa hiyo haitakuwa uongo mtupu.

Ndizi ulizoletewa ni za kuchoma, mkeo asizipike mtori.

Shangazi yako,
Elieshi Sumari


Sakina,
21 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Ndizi tumezipokea. Tayari Diana alikuwa amezipika mtori kabla hatujafungua barua, tusamehe. Sisi hatujambo. Mabasi ya Nairobi yanapiga honi kuanzia alfajiri na watoto wamezoea, wakienda kwa babu yao kusikokuwa na honi hawalali. Tuna mgeni kwa sasa, kwa hiyo nyumba imejaa kidogo, lakini tunaenea.

Kuhusu Nelson, amenipa ruhusa kwa simu nikueleze, bila hivyo nisingefungua mdomo. Faili lake sikuliwekea namba mimi. Haifai mtu kushika faili la ndugu yake. Nilimpa Godwin tunayekaa naye ofisi moja, mimi nikatoka kunywa chai mpaka akamaliza. Lakini hata ningelishika mimi, nimonia nisingeandika. Sisi hatutibu wala hatubuni. Tunachukua alichoandika daktari tunakigeuza kuwa herufi na namba, ili bima wakisoma na wizara wakisoma, wote waelewe kitu kimoja.

Daktari ameandika kwamba Nelson alivuta gesi ya sumu. Gesi, shangazi, si chakula. Namba yake ni T59, ndiyo ya gesi, moshi na mvuke wenye sumu. Nadhani mzee Gadiel alisimama kwenye neno sumu, hakuendelea.

Hata hivyo T59 haitembei peke yake. Lazima iandamane na namba ya pili inayosema sumu ilimfikiaje mtu. Ikiwa ni bahati mbaya, ni X47. Ikiwa amejifanyia mwenyewe, ni X67. Ikiwa amefanyiwa na mtu, ni X88. Ikiwa haijulikani, ni Y17. Nelson amepewa Y17, kwa sababu Dokta Evaresta alimwuliza chumbani kulikuwa na nini, naye akasema hakumbuki. Alipoulizwa tena akageukia ukutani.

Kwa hiyo hiyo namba ya pili haibadiliki kwa kuombwa. Itabadilika mtu wa nyumbani akimweleza daktari kulikuwa na nini ndani ya kile chumba. Je, kulikuwa na jiko la mkaa? Nelson anasema hapana, lakini anajibu hivyo kwa kila kitu.

Shangazi, kulikuwa na nini?

Wako,
Frederick


Momela,
4 Agosti 2024

Baba Frederick,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Huku si haba. Mwinjilisti amehamishwa, aliyekuja anahubiri kwa kifupi, kwa hiyo watu wanamtilia shaka. Mahindi tulivuna mapema mwaka huu, ingawa dumuzi wamekwisha kuyaonja. Ghala linavuja upande wa mlimani, nikayahamishia pakavu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha na amemkataa mmoja, namnywesha mimi kwa chupa. Nelson amefika mpaka barabarani.

Nimewaeleza kwamba ni gesi. Gadiel amejibu kwamba sisi hatuna mtungi wa gesi, tunapikia kuni, kijiji kizima kinajua. Mwingine akasema huenda sumu iliwekwa kwenye loshoro ikageuka gesi tumboni. Wengi waliona hilo lina maana. Gadiel ndiye aliyechukua ile fomu ya polisi siku Nelson anapelekwa hospitali, na sasa amerudi nayo kituoni. Amewapa jina. Hakuniuliza, ila aliniaga.

Umeuliza chumbani kulikuwa na nini. Kulikuwa na kitanda, godoro, sanduku la Nashilu, picha ya harusi, baiskeli ya Nelson isiyo na mnyororo, na kikapu cha nguo za mtoto. Jiko la mkaa halikuwemo. Dirisha lilifungwa kwa sababu ya baridi. Hayo ndiyo majibu.

Umesema mna mgeni, hukusema ni nani. Eliasi anasema alipoleta ndizi alifunguliwa mlango na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Sijauliza.

Shangazi yako,
Elieshi


Sakina,
11 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Leo salamu ni fupi. Sote hatujambo.

Alhamisi Nelson alikuja kliniki akaniomba niingie naye kwa daktari. Dokta Evaresta alimpima kifua, akavuta kiti karibu.

"Nelson, usiku ule ulisikia harufu yoyote?"

"Ya samaki aliyeoza," Nelson akasema. "Au kitunguu saumu. Sijui."

"Huko Momela mnakula sana samaki?"

"Hapana."

"Mahindi yenu mnayahifadhi wapi?"

Nelson akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Mwulize mama," akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Lakini hasikii."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba vipo vidonge vya kuhifadhia mahindi ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi. Ile gesi ndiyo inayoua dumuzi. Haichagui. Mtu akifunga mlango na dirisha akalala karibu na magunia hayo, inamshika kifua na moyo, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo, unamsaidia mgonjwa apumue na kungoja. Kila mwaka baada ya mavuno anapata watu wa namna hiyo. Nelson amepona kwa sababu ni mtu mzima mwenye mwili, na kwa sababu alitambaa mpaka nje. Halafu akasema, bila kunyanyua sauti, "Mtoto wenu angelala mle, asingeamka."

Nelson akaanza kulia, shangazi. Sijamwona akilia tangu msiba wa baba yake.

Barua yako inasema mahindi umeyahamishia pakavu. Pakavu ni wapi?

Usijibu kwanza. Kwanza mtu yeyote asilale tena mle. Fungueni mlango na dirisha, msiguse magunia, mwiteni bwana shamba aje ayashughulikie yeye. Hayo yakiisha ndipo uandike. Kisha njoo umwambie daktari, au nipe ruhusa nimwambie mimi kwa maneno yako. Nikimwambia kwa maneno yangu, hayo ni ya kubahatisha, na Godwin hawezi kuandika namba ya kubahatisha.

Nashilu ameitwa polisi Jumanne.

Wako,
Frederick


Sakina,
22 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na yule mwanambuzi anakua. Sisi hatujambo. Mwanetu mdogo ameng'oka jino, analionyesha kwa wageni.

Gari la Eliasi limekuja mjini mara nyingi tangu Agosti, limeleta nyanya, limeleta maparachichi, halijaleta barua. Eliasi anasema ile ya kwangu uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani. Alingoja jibu mpaka ulipomtolea chai, akaelewa kwamba hakuna.

Basi acha mimi niseme niliyokuwa sisemi. Mgeni wetu ni Nashilu. Siku alipotoka kwako alikwenda kwao. Baba yake akamwambia hawezi kukaa na binti anayesemwa amemwekea mumewe sumu, mpaka jambo liishe. Diana alimkuta stendi ya Kilombero ameketi juu ya lile shuka, akamleta. Sikukuambia kwa sababu ungeniambia nimwondoe, nami ningelazimika kukukatalia, na sijawahi kukukatalia kitu.

Polisi walimkalisha kutwa nzima. Diana alikwenda naye. Askari alimwuliza ameweka nini kwenye chakula.

"Mahindi na maziwa."

"Na nini kingine?"

"Na mwiko."

Askari akasema hapa si mahali pa utani. Nashilu akasema hata yeye anaona hivyo. Walimwachia jioni kwa dhamana ya Diana, lakini jalada limekwenda kwa mwendesha mashtaka. Wakiona Y17 na jina la mtu limekwisha kuandikwa, haitakuwa kazi kubwa kusogea kutoka haijulikani kwenda amefanyiwa.

Nilimwuliza Nashilu kama anajua chochote. Akasema, "Ghala la mama linavuja. Nalijua, nimelikinga kwa makaratasi ya nailoni miaka mitatu." Nikamwambia basi sema polisi. Akasema, "Nikisema mimi, watasema namsingizia mkwe wangu. Nitaonekana nimefanya mawili."

Sitauliza tena, shangazi. Nimekueleza tu hali ya nyumba, kama unavyonieleza wewe.

Wako,
Frederick


Momela,
6 Oktoba 2024

Baba Frederick,

Marahaba, na mpe pole mwenye jino. Mwanambuzi anakua, sasa ananifuata hata kanisani, nimeacha kumfukuza. Mvua za vuli zimedondoka kidogo.

Barua yako ya Agosti niliijibu kwa mikono. Siku ile ile nilifungua mlango na dirisha nikamwita bwana shamba, kijana anaitwa Yiamat. Alikuja amejifunga kitambaa puani. Akayatoa magunia, akafukua vijifuko vya vidonge vilivyobaki unga wa kijivu, akavizika mbali na maji. Akaniuliza nani aliyeweka. Nikamwambia sisikii. Akaandika swali kwenye karatasi. Nikamwambia sina miwani. Ilikuwa kichwani kwangu. Akaiona, akaaga.

Ndani ya kile chumba hakuna aliyelala tangu usiku ule, maana Nashilu na mtoto walikaa kwao mpaka Nelson alipotoka hospitali. Nilimlaza kwangu, nikamwambia kwake kuna baridi. Kwa hiyo usidhani barua yako ndiyo iliyonifungua macho. Yalikuwa wazi tangu siku Gadiel aliposoma ile karatasi.

Ilikuwa hivi. Ghala lilivuja, dumuzi wakaingia. Chumba cha Nelson ndicho chumba kikavu kuliko vyote, marehemu alikijenga kwa saruji. Nashilu alikuwa amekwenda kwao. Ilikuwa siku ya gulio, na siku ya gulio Nelson hulala huko huko kwa rafiki yake. Nikavuta magunia, nikaweka vidonge, nikafunika kwa turubai, nikafunga dirisha ili dawa isitoke bure. Aliyeniuzia aliniambia visiwekwe wanapolala watu. Sikio la kushoto wakati ule lilikuwa bado linafanya kazi, kwa hiyo sitalisingizia. Nilimsikia. Nikaona ni kwa usiku huo mmoja tu, kesho yake ningeyatoa. Nelson hakulala gulioni. Alirudi nimeshalala, akala chakula chake, akaingia kitandani gizani.

Walipomfungia Nashilu nguo zake nilikuwa nimesimama mlangoni, naliona lile shuka. Nilitaka kusema. Nikaona watu wamekwisha kukubaliana, na wanaonekana wametulia, na mimi ni mwanamke mzee wa kanisa. Kisha kila siku iliyopita ikafanya siku ya pili yake iwe ngumu zaidi. Sina maelezo mengine.

Maneno ya daktari juu ya mtoto niliyasoma, na kuanzia hapo nikawa nakwenda kukaa kwenye kile kitanda mchana, mlango ukiwa wazi, karibu na kikapu chake cha nguo. Nilidhani nikikaa nitapata la kukuandikia. Sikupata. Ilipokuja ya Septemba, kwamba Nashilu ameketi polisi kutwa nzima na anajibu vizuri namna ile, nikachukua shali.

Alhamisi nilikuja mjini na Eliasi. Sikukuambia kwa sababu ungenishika mkono, na nilitaka kwenda mwenyewe. Nilipanga foleni. Dokta Evaresta ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Akasema jambo, sikusikia. Akapaza sauti, sikusikia. Akasimama akapiga kelele sikioni, hapo nikasikia neno "shida". Nikamwambia shida ni kwamba mimi ndiye niliyeweka vidonge vya mahindi chumbani kwa mwanangu Nelson, na mkwe wangu hana kosa. Akanionyesha kwa mkono nishushe sauti. Mtu asiyejisikia hawezi kujua sauti yake iko wapi. Nilipofungua mlango kutoka, watu wote wa kwenye benchi walikuwa wananitazama, na mama mmoja akanipisha kiti. Nadhani mpaka maabara walisikia. Labda hata wewe.

Kutoka hapo nilikwenda polisi na barua ya daktari. Askari aliandika maelezo yangu kwa muda mrefu. Akaniandikia, "Mama, hukukusudia?" Nikamwambia hapana. Akaandika, "Sasa hili nalo ni kosa?" Nikamwambia yeye ndiye askari. Akaenda kumwuliza mkubwa wake. Wamesema jalada la Nashilu watalifunga, la kwangu watalitafakari, nisisafiri mbali. Nikawaambia siendi popote.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia ukoo. Nilisimama, kwa hiyo nao wakasimama, wakidhani ni sala. Nilisema yote niliyokuandikia hapa. Gadiel akasema jambo ambalo ilibidi Nelson aniandikie: kwamba hata hivyo Nashilu angepaswa kukaa nyumbani kwake siku ile. Nelson, ambaye hajapaza sauti tangu Juni, alimjibu kwa ukali, nimeona mishipa ya shingo. Hakuniandikia alimjibu nini. Gadiel alichukua kofia yake akaondoka.

Mwambie Nashilu. Sijui umwambie kwa maneno gani. Nimejaribu kuyaandika hapa, karatasi tatu nimezichoma.

Elieshi


Sakina,
13 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Nilikusikia. Nilikuwa ofisini, nikasema hiyo ni sauti ya shangazi, Godwin akasema haiwezekani, nikatoka mbio, nikakuta umekwisha kupanda bodaboda. Watu kwenye korido wakaniuliza kama nakufahamu. Nikasema ndiyo.

Dokta Evaresta amerekebisha maelezo yake na kusaini. Godwin ameondoa Y17 ameweka X47. Mimi nilitoka tena kunywa chai. Aliponiita kurudi alinigeuzia ile kompyuta nione.

Nashilu nilimsomea barua yako yote, hata sehemu ya shuka. Alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha, halafu akaosha tena vile vilivyokuwa safi. Diana akatoka na watoto wote. Baadaye Nashilu akakaa, akasema nikuandikie hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mama, umesema, nimesikia. Nitarudi kwa mume wangu, sirudi kwa kikao. Kondoo wa kuomba msamaha mpelekee baba yangu, ndiye aliyenifungia mlango, atafurahi kumla. Mimi sitaki kondoo. Nataka siku nitakayofika niingie jikoni nipike loshoro. Wale wote waliokuwepo siku ya ile karatasi wawepo, na mzee Gadiel awepo. Nitaileta mimi mwenyewe. Na wewe utakula wa kwanza."

Nikamwuliza kama hayo ndiyo yote. Akasema ndiyo yote, ila niandike herufi kubwa.

Wako,
Frederick


Momela,
3 Novemba 2024

Baba Frederick,

Marahaba. Huku mvua imeshika, njia ya kwetu imekuwa mto, na Eliasi ataondoka na barua hii kama gari litatoka. Nelson amejenga ghala jipya, ameliweka mbali na nyumba, mlango wake una kufuli na ufunguo anao yeye. Sikumwomba ufunguo. Polisi wametafakari jalada langu na kusema hakuna la kuendelea nalo. Wamenitaka tu nikaseme kanisani juu ya vidonge, watu wasirudie. Nimesema Jumapili mbili. Watu wanne wamehamisha magunia yao, mmoja alikuwa ameyaweka chini ya kitanda cha watoto.

Kondoo nilimpeleka Olmotonyi mimi mwenyewe. Baba yake Nashilu alimpokea. Mama yake alinipa maziwa, tukakaa. Hatukuwa na la kusema, na mimi nisingelisikia, kwa hiyo tulikaa vizuri.

Jumamosi Nashilu alikuja na mumewe na mtoto. Nilikuwa nimewaita watu wote. Walikuja wote, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Gadiel alifika wa mwisho, akasema tumbo linamsumbua tangu asubuhi. Nashilu alinisalimu, akanikabidhi mtoto, akaingia jikoni akafunga mlango. Mtoto amekuwa mzito. Alinishika miwani. Sikumnyang'anya.

Tulikaa uani kwa muda mrefu. Moshi ulipanda. Nashilu akatoka na chungu, akakiweka mbele yangu. Akapakua sahani moja, akanipa, akasimama mbele yangu mikono ikiwa imening'inia. Mdomo wake ulisema kitu. Nelson alitaka kuniandikia, nikamzuia.

Nikala. Walikuwa wananitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu anayevuka mto uliofurika. Gadiel alikuwa amekunja mikono tumboni. Nikala mpaka nikaona chini ya sahani.

Ilikuwa na chumvi nyingi mno. Nikaomba niongezwe.

Shangazi yako,
Elieshi